Jembe Lililoimba Mbarara

Niliondoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa ajili ya wimbo mmoja. Mtaani kwetu, mama peke yake ndiye aliyebaki na wimbo wa kulimia wa kijiji chetu cha Kivu Kusini, kule Kongo. Mimi na wenzangu wawili wa gita tulimwomba atuimbie, tuupige kwa mtindo wetu, akakataa katakata.

"Ile wimbo banaiimbaka batu mingi mu shamba," alisema. "Hapa kila mutu analima kashamba kake peke yake. Nitaimbia nani? Na nyinyi mutaichezea tu."

Niliposikia Wareno wanne watakuja mjini Mbarara kupiga nyimbo za kulimia za bibi zao, nilimbembeleza mama tufuatane.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya ziwa. Pikipiki ya boda ilitufikisha Kabingo, na hapo tukapanda gari. Mama alitazama migomba ya Isingiro ikipita, midomo yake ikicheza bila sauti. Nilijua anaimba. Niligeukia dirisha langu nisije nikamshtua.

Mbarara tulipokewa na manyunyu. Katika ukumbi wa shule hapakuwa na kipaza sauti hata kimoja; Wareno walikuwa na gita, kodiani, ngoma ya pembe nne, na dada mmoja wao alishika jembe. Aliligonga kwa chuma, likalia kama kengele ya mbali. Wimbo ulianza polepole kama wa msibani, mara ukashika mbio, kodiani ikaiga jogoo, na ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikuwa kama naota.

Mama hakucheka. "Banachezea jembe," alininong'oneza. "Jembe ya kutukulisha!"

Walipomaliza, alimfuata yule dada. Mwalimu wa shule, Mnyankore mpole, aliwatafsiria.

"Huyu mama nauliza, jaja yako, ile bibi yako, alikubali hii?"

Dada alijibu huku akicheka. Mwalimu naye akacheka.

"Nasema jaja alikasirika sana. Aliwaambia, nyinyi nakosea! Akaimba yeye mwenyewe kuwaonyesha. Hivyo ndiyo walipata wimbo yote."

Mama akaomba alishike lile jembe, akalipima uzito, akalirudisha.

Njiani kurudi alisinzia begani kwangu bila kuutaja wimbo wake. Nilikata tamaa, nasema kweli. Niliona wimbo ule utakwenda naye kaburini.

Kesho yake asubuhi alinipeleka shambani na gita langu. Alikuwa amewaita majirani na majembe yao, Wakongo na Warundi.

"Imba," aliniambia. "Kosea, nikuonyeshe."

Nilikosea bila hata kujitahidi. "Hapana vile!" alifoka, akaupokea wimbo, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wangu ikapanda juu ya mahindi. Machozi yalinitoka, vidole vikitafuta nyuzi.

Mama Nadia, jirani yetu Mrundi, aliitikia kwa Kirundi, maneno yake mwenyewe, mahali pasipo pake. Niliacha kupiga, nikingoja afokewe. Mama yangu alimtazama, akainua jembe, akamwitikia.