Bawa la Musambi

Asubuhi tatu nilisimama kwenye matope ya mto Rutshuru, darubini shingoni, kuhesabu misambi, wale ndege wa taji wanaozidi kupungua. Kwenye karatasi niliandika zero mara tatu. Mwenzangu alifoka kwamba watu wa muji ndio wanawamaliza, kwa kuwakamata na kuwafuga nyumbani. Mimi nikakunja karatasi.

Nilirudi Goma, kwetu katika mutaa wa Mapendo. Papa alikuwa amekaa uani na musambi wetu, aliyemununua nikiwa mutoto ili alinde parsele, kiwanja cha nyumba yetu. Hakuuliza habari za safari.

“Manyoya ya bawa yameota tena, ataruka,” alisema, akaninyooshea makasi.

Nikanawa matope, nikachukua makasi. Ndege alikuwa amenizoea; alifungua bawa mwenyewe kabla sijamugusa.