Wasifu wa nyanya umepotea ndani ya laptop

Kama unaelewa kompyuta za Linux, tafadhali soma hii sasa hivi.

Nyanya yangu anazikwa kesho. Tangu atuache, babu hakuwa ameongea na mtu. Leo asubuhi akakubali kunisimulia maisha yao ndio niandike wasifu.

Aliongea masaa mawili. Niliandika yote, na sikusevu hata mara moja.

Kwetu stima hupotea sana, kwa hivyo jana niliseti laptop ifanye hibernate nikiifunga. Yaani ihifadhi kila kitu kwenye diski, halafu ijizime. Sikuijaribu.

Nikaifunga, nikaitia kwa begi, nikapanda boda hadi mjini Litein kuprinti kwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti.

Kufika saiba, begi lilikuwa moto. Laptop haikuwa imelala hata kidogo, na betri ilikuwa imeisha. Kuichomeka, ikawaka upya. Ukurasa mtupu.

Jamaa wa saiba ameangalia, anasema nafasi niliyoitengea kwenye diski ni ndogo kuliko RAM, ile kumbukumbu ya laptop, kwa hivyo hibernate ilikataa.

Nikampigia babu, tunayemwita Kugo, nikilia.

Akaniuliza, "Ulikuwa umeandika ile ya kuvuka mto na ndama?"

"Niliandika, Kugo. Imepotea."

"Basi shika kalamu."

Nimeketi hapa kwa ngazi ya saiba na daftari. Amekata simu apumzike kidogo, atanipigia. Lakini ameshaniambia kuna sehemu hawezi kuisema mara ya pili.

Kuna njia yoyote ya kuirudisha ile ya asubuhi?