Sifuri ya Kiirua

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema nikivuka lango kuku hushtuka. Kwa hivyo alicheka sana nilipoandikwa kukagua mitego ya nzi wa matunda, kazi ya kuzunguka kila wiki. Watafiti walitaka kujua nzi wa aina gani wanaishi wapi, kutoka joto la Mbeere hadi baridi ya juu huku Meru. Cheti cha kidato cha nne kilitosha: fungua kopo lililoning'inia mtini, mwaga nzi kwenye chupa, andika idadi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mwembe wetu hapa Kianjai. Hicho sikukosa hata siku moja. Cha Nchiru, nyuma ya hosteli za wanafunzi, nilikivumilia. Kiirua ndiko kulinishinda: kupanda magari mawili, baridi, na kopo tupu. Wiki tatu, sifuri. Wiki ya nne ikanyesha, nami nikaandika sifuri nikiwa jikoni, chai mkononi. Ya tano hivyo hivyo.

"Kiirua umeenda saa ngapi?" mke wangu akauliza.

"Nzi gani atapanda kule bila sweta?"

Wiki ya sita jua liliwaka, nikaenda. Mwenye shamba, mama mmoja mzee, alikuwa akiningoja kwenye miavokado yake.

"Karibu, daktari wa nzi. Nilidhani umeolewa ukahama."

Akapasua avokado. Ndani, funza. Kopo nalo lilikuwa limejaa nzi, wa chini wameshakauka.

"Walikuja na ile mvua. Dawa tutaletewa lini?"

Dawa ilikuwa ikigawiwa kule mitego ilikoonyesha nzi, na orodha ya mashamba ilikuwa inafungwa kesho yake. Kwa daftari langu, shamba lake lilikuwa safi.

"Mama, wiki mbili sikuja. Niliandika sifuri."

"Hiyo sifuri ni nzi hawakuja, ama ni wewe hukuja?"

Sikurudi nyumbani. Nilishuka Meru mjini na chupa yangu hadi kwa msimamizi. Hakuniruhusu kufuta. Nilikata zile sifuri mbili kwa mstari, nikaandika kando "sikuenda", nikatia sahihi. Mama akaingia kwenye orodha.

Kazi sikunyang'anywa. Mwembe wa nyumbani ndio nilionyang'anywa, akapewa mke wangu. Mimi niliongezewa kituo kingine, juu ya Kiirua.

Jioni ya wiki yake ya kwanza alinikabidhi chupa.

"Kumi na tisa," akasema. "Na nilifika."