Ndani ya Samaki wa Magunia

Asubuhi hii nimefungua stoo nikatoa gunia kuukuu la kahawa, na harufu yake ya vumbi na mkonge ikanirudisha kanisani kwetu, huko chini ya mlima, wikendi ile watoto tulipofundishwa habari za Yona aliyemezwa na samaki.

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, mama mzee mwenye magoti mabovu, alikuwa ameshona magunia kama hili yakawa samaki mrefu kuliko benchi la kanisa. Mimi, ingawa msichana, ndiye niliyechaguliwa kuwa Yona. Jumamosi, kwenye mazoezi, niliingia nikatoka nikilia kabla wenzangu hawajahesabu hadi kumi. Giza lile lilinikaba. Walicheka sana. Mwalimu hakumpa mwingine nafasi yangu.

Jumapili kanisa lilijaa, na mama yangu alikaa mbele kabisa. Nilitambaa ndani ya samaki. Mkono wenye sugu ukanishika.

"Kuja, mami," mwalimu alininong'oneza. Alikuwa amejikunja huko mwisho, kwenye mkia. "Hii giza tuko wawili."

Tulikaa hivyo, tukipumua vumbi la kahawa, huku waumini wakiimba wimbo mzima. Kisha watoto wakapiga kelele, "Tapika! Tapika!" Nikatoka mbio, mama akasimama akipiga makofi, ati mtoto wake haogopi kitu.

Nilimngoja mwalimu atoke. Hakutoka. Alibaki mle na magoti yake mpaka watu wote wakaenda kunywa chai, wasije wakajua kwamba sikuwa peke yangu.