Kitambaa cha Saa ya Magharibi

Mama yangu alipofariki Mahajanga, wifi yangu, niliyekuwa nikiishi naye kule Nosy Be, alinificha habari mpaka maziko yalipokwisha. "Hata ungekwenda," aliniambia, "macho yako yangemsaidia nini maiti?" Nilimeza maneno yale, ila sikuyasahau.

Miaka ikapita. Mwanawe akaposa Mahabibo, mtaa wa huko huko Mahajanga, na wifi akanichukua nimbebee mizigo. Kwetu, kwenye harusi, wanawake wa kila upande huvaa sare ya rangi yao, isiyofanana na ya wenzao. Upande wa bibi harusi walishachagua nyekundu. Wifi akataka buluu iliyoiva. Siku ya kununua alichelewa kwa kujipamba, tukafika dukani jua limezama, umeme umekatika, mwenye duka ana haraka ya kwenda kusali.

Skuli nilifundishwa kwamba jicho lina seli za aina mbili. Zile zinazotambua rangi huhitaji mwanga mwingi. Giza likiingia hushindwa kazi, zikabaki zile zinazoona weusi na weupe tu. Nyekundu ndiyo hutangulia kuzama, ikaonekana nyeusi tii. Na majora ya vitambaa ya duka lile mimi niliyaona mchana, nilipotumwa kuulizia bei, nikajua lipi liko wapi.

Wifi akalishika lililokoza kuliko yote. "Buluu yangu hii! Kata lote." Mkasi ukapita, nami nikanyamaza kwa raha.

Asubuhi alilifungua mbele ya mashangazi wote. Nyekundu ya wenzetu, kama damu, na kilichokatwa hakirudishwi. Akanigeukia. "Wewe ulikuwepo! Mbona hukuniambia?"

"Macho yangu," nikamjibu, "yangekusaidia nini?"