Unga wa Kadi ya Zamani

Kadi yangu ya kwanza ya mkopo niliipata Louisville, Marekani. Niliweka benki dola mia mbili za amana, nao wakanipa kadi ya kutumia kiasi hichohicho. Mama hakujua. Aliyejua ni kiongozi wa kwaya yetu, aliyekuwa amenunua nyumba kabla yetu sote. Alinikuta nimeificha ndani ya Biblia.

"Petit, mdogo wangu, unaiogopa? Haiumi."

"Nikishindwa kulipa?"

"Nunua mafuta ya gari tu. Lipa yote kabla karatasi ya deni la mwezi haijatoka. Halafu hii ya kwanza usiifunge hata siku moja. Benki wanaangalia umejulikana tangu lini."

Tulipohamia Columbus, upande wa Hilliard, niliongeza mbili: moja ya mafuta, moja ya simu. Ile ya Louisville ilikaa kwenye droo. Mara moja kwa mwezi niliitumia kununua sabuni, isije ikafungwa kwa kukaa bure. Nilitaka nyumba Buffalo, East Side, alikokuwa mama mdogo. Mama yangu alitaka kipande cha udongo nyuma ya nyumba, alime. Bila jina zuri la kulipa, benki isingetukopesha.

Jumamosi moja asubuhi nilimkuta mama mezani, kadi zote zimepangwa mbele yake.

"Makadi tatu," alisema. "Jina moja."

"Mama, huku inaruhusiwa."

"Hata kule hakuna aliyesema neno, mpaka siku ya hesabu."

Nilidhani amesahau. Mimi sijasahau. Kule kwenye kambi ya wakimbizi, kaka yangu alikufa kwa homa, na mama hakumwandikisha kuwa amekufa, kwa hiyo unga wake uliendelea kuja. Siku ya hesabu walisoma jina lake. Mama alinisukuma mgongoni. "Itika." Nikaitika. Baadaye wakasoma jina langu, na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na miaka sita, niliona nimeshaitika. Wakasoma tena, wakasoma mara ya tatu. Kisha bwana aliyekuwa akisoma majina akachukua mkasi, akakata kadi yetu ya chakula mbele ya watu wote. Tulikaa miezi bila unga. Tangu siku hiyo, nikiitwa jina, ulimi wangu hukawia.

Jumatatu nilirudi kutoka kazini nikakuta kadi ya Louisville kwenye kisahani, vipande viwili.

"Nimeikata mwenyewe," mama alisema, "kabla hawajaikata wao."

Nilidhani miaka yangu yote ya kujulikana benki imekatwa pamoja nayo. Kesho yake nilipiga simu benki. Mwanamke akaniuliza jina. Nikanyamaza. "Bado uko hapo?" Nilimwona kaka yangu kwenye mstari wa kambini, siku ya hesabu, amesimama nyuma yangu, anangoja nimwachie nafasi. Mwanamke akauliza tena. Nikataja jina langu.

Akaniambia kilichokatika ni plastiki tu. Nyingine ingekuja kwa posta.

Ilipofika, mama ndiye aliyefungua bahasha. Aliiweka mezani haraka, kama kitu cha moto.

"Imerudi," alisema.

Siku ile hakupika. Jioni akaja akakaa karibu nami.

"Donc, basi, wakiita, nani ataitika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama. Zote tatu ni zangu. Hakuna jina la mtu mwingine humo."

Aliichukua kadi mezani.

"Hii ya zamani unainunulia nini?"

"Sabuni."

"Bon, sawa. Kuanzia sasa nitachagua mimi."

Tulipofika Buffalo, bwana wa mikopo wa benki aligeuza karatasi zangu akaniambia kadi ya Louisville imenisaidia. Inaonyesha nimejulikana kwa muda. Aliposoma jina langu niliitika palepale, bila kungoja asome tena. Tukapata nyumba, na udongo nyuma yake.

Kila mwezi mama huitoa kadi ile kwenye droo, tunaenda dukani pamoja, anachukua pakiti moja ya unga wa mahindi, kama ule wa kambini. Hauchanganyi na unga wetu. Anauweka kwenye rafu yake peke yake, na ukija mwingine, ule wa zamani anaupeleka kanisani kwa familia zilizofika juzi.

Siku moja nilimuuliza ni wa nani.

"Weye lipa, papa, mwanangu," alisema.

Nikalipa siku ileile.