Katiba ya Watu Wanane

Nimehama vyumba vinne hapa Qatar, na kila nikihama nahama na pazia la kitenge ambalo si langu. Sasa linaning'inia Al Wakrah. Lilianzia Industrial Area ya Doha, kwenye kempu ya wafanyakazi, katika chumba cha walinzi wanane: Wakenya saba na Mganda mmoja.

Chumba kile hakikukosa ugomvi: zamu ya kupika, nani kazima kiyoyozi, nani kaacha sufuria chafu. Mimi niliishia kidato cha nne, na somo nililolipenda ni Historia na Serikali. Mada ya serikali ya Marekani hadi leo naiona ubaoni, kwa mwandiko wa mwalimu wetu. Basi Ijumaa moja nikawaandikia wenzangu katiba. Bunge ni sisi sote. Rais ni yule mrefu aliyezoeana na msimamizi wa kempu. Mahakama ni mimi. Mhimili mmoja usimeze mwingine.

Mganda aliisoma karatasi mara mbili.

"Na haki za mtu mmoja ziko wapi?"

"Tutaziongeza," nikamwambia. "Hata Wamarekani walianza bila hizo, wakaziongeza baadaye."

Akatia sahihi.

Yeye alikuwa analinda usiku na kulala mchana. Ijumaa, siku ya mapumziko kwetu sisi wa zamu ya mchana, tulifungulia muziki, naye akawa anatoa kichwa nje ya pazia la kitanda chake kutuomba tupunguze.

"Ssebo, hapa si hospitali," Rais alikuwa akimjibu, akiliiga "bwana" la Kiganda.

Wiki ya tatu Bunge likapitisha sheria: asiyeweza kuvumilia muziki wa Ijumaa ahame. Saba kwa mmoja. Nafasi iliyokuwa wazi ni moja tu, mwisho wa kempu, kitanda cha juu, kati ya watu wasiojua Kiswahili wala Kiingereza.

Mganda alinijia na karatasi mkononi. "Jaji, ulitufundisha Mahakama inaweza kufuta sheria mbaya. Hii imeandikwa kwa ajili yangu peke yangu. Ifute."

Nilijua anasema kweli. Ilitakiwa niandike mstari mmoja tu. Lakini kitanda chake kilikuwa cha chini, karibu na kiyoyozi, na magoti yangu yalichoka kupanda juu. Rais alikuwa ameshaninong'oneza nani atakirithi.

"Sioni mahali katiba inapokulinda," nikasema.

"Kwa sababu hukupaandika. Na mkono wako nimeuona juu. Umeipigia sheria kura, sasa unaiamua wewe mwenyewe. Mwalimu wako alikufundisha hivyo?"

"Khalasi, Mahakama imesema!" Rais akapiga makofi. Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Akakunja godoro, akafunga sanduku. Alipoanza kufungua pazia, kitenge alichoshonewa na mkewe, nikamwambia, "Hilo liache, bwana. Huko unakoenda ni kitanda cha juu, utalitundika wapi?"

Akaliachilia.

"Hilo nalo lipigieni kura," akasema.

Alikuwa anatutukana, na sote tulielewa. Rais akauliza wanaokubali ni wangapi. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wangu.